Kompyuta Yangu Iliishi Mwaka 2002

Kwa wiki tano kompyuta yangu iliishi tarehe 1 Januari 2002. Nikiiwasha, ni 2002, saa sita usiku kamili, kana kwamba fataki za mwaka mpya ndiyo kwanza zinalia. Nikiirekebisha tarehe inakubali kwa adabu zote, inashinda nayo mchana kutwa, halafu kesho yake nakuta imerudi kwao. Na kwa kuwa iko 2002, inakataa kuzungumza na intaneti, kwa maelezo kwamba vyeti vya tovuti zote duniani bado havijaanza kutumika.

Nimekaa miaka ishirini na saba katika ofisi ya kugomboa mizigo pale mpakani Malaba. Nimekagua vyeti vya malori ya mafuta, ya mitumba, ya samaki. Cheti ambacho hakijaanza kutumika nimekiona mara mbili tu, na mara zote mbili kilikuja na bahasha. Leo nakataliwa na kompyuta yangu mwenyewe, sebuleni kwangu Rubongi, na bahasha haitaki.

Chanzo ni mwanangu wa Kampala. Alikuja Krismasi na ruta nyeupe yenye antena nne zilizosimama, kama mende aliyelala chali, akaiweka mezani akasema, "Baba, weka waifai, uunganishe zile kompyuta zako. Ni kazi ya dakika tano." Akala, akapewa kuku wawili, akapanda basi. Dakika tano zenyewe nimezihesabu mpaka Februari.

Zile kompyuta zangu ni tatu. Ya mezani ni Pentium 4 yenye megabaiti 512 za kumbukumbu na skrini ya zamani yenye kisogo, uzito wake wa mbuzi wa mahari. Ofisi ilipofunga milango tuligawana vitu badala ya mafao, na mimi nikaangukia hiyo. Ya pili ni laptopu niliyonunua Busia kwa mtu aliyekuwa na haraka ya kuuza, na mimi nikawa na haraka ya kununua; Busia watu hawaulizani historia, wanahesabiana noti. Ya tatu ni kadogo alikoacha binti yangu alipomaliza chuo, kazima kabisa, ila kitufe cha herufi N kiling'oka na hakijulikani kilikokwenda. Mshike huyo N. Atatusumbua mbele.

Nilianza na ya mezani, kwa heshima ya umri. Hiyo ilitengenezwa bila sikio la waifai, basi nikanunua Tororo mjini kidude cha USB cha kuisikilizisha. Kidude kilikuja na sidii ndogo. Mlango wa sidii ukagoma kufunguka. Nikautia pini kwenye kile kitundu chake, ukatoka taratibu ukilia, na juu yake kulikuwa na nyumba ya nyigu wa udongo, vyumba vinne, imesakafiwa vizuri kuliko ya kwangu. Nikawahamisha wapangaji. Sidii ikasoma, ikasema programu zake zinaanzia Windows 7, na mwenye Windows XP azipakue kwenye tovuti ya kampuni.

Yaani ili niingie kwenye intaneti, kwanza niingie kwenye intaneti. Hata mpakani hatukuwahi kufika huko. Tulikuwa tukimwambia mtu arudi kesho, lakini hatukumwambia avuke akachukue ng'ambo kibali cha kuvukia.

Nikahamia laptopu. Hiyo sikio inalo. Ikaiona ruta, ikaonyesha jina lake, mpaka nikamwita mke wangu aje ashuhudie. Nikaandika paswadi. Ikafikiri. Ikakataa. Nikaandika tena kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi, nikizitamka kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza. Ikakataa. Jirani yangu aliyekuwa nje ya uzio akaitikia kila herufi, na hivyo ndivyo paswadi ya nyumba yangu ilivyoanza kutembea.

Jirani huyo ni Afande. Hapa Rubongi pana kambi ya jeshi, na wanajeshi wengine wakistaafu hawaendi mbali, wananunua kiwanja karibu na tarumbeta waliyoizoea. Afande wangu alikuwa mtu wa redio jeshini. Mimi huniita "raia", hata msibani, na Kiswahili chake ni cha kambini, kimenyooka kama gwaride na hakina habari na ngeli.

"Raia," akasema kutoka kwenye uzio, "hiyo mashine iko na lugha ya zamani. Ruta iko na lugha mpya. Lazima moja ashuke."

Fundi naye alisema hivyo hivyo, isipokuwa alinitoza. Ni kijana anayetengeneza simu chini ya mwavuli mjini, mwenye bisibisi nyingi kuliko daktari wa meno. Kumbe waifai ina kufuli zake, nazo zina vizazi. La kwanza liliitwa WEP, likaja na waifai yenyewe miaka ya tisini. Mwaka 2001 wataalamu watatu, Fluhrer, Mantin na Shamir, wakaandika wazi namna ya kulifungua, na tangu hapo ni kufuli la kadibodi. Likafuata WPA mwaka 2003, kisha WPA2 mwaka 2004. Laptopu yangu ina Windows XP yenye marekebisho ya 2004, inajua WPA, na WPA2 iliisikia kwa mbali tu. Ruta ya mwanangu haiteremki chini ya WPA2 mpaka uingie tumboni mwake uilazimishe.

"Mzee, tuiteremshe mpaka WEP," akasema fundi. "Zote zitaingia."

Akaiteremsha. Nami nitakiri jambo: nilifurahi, kwa sababu ya yule N. Ufunguo wa WEP aliouweka uliandikwa kwa tarakimu na herufi A mpaka F peke yake, herufi 26 mfululizo, na humo N hayumo. Kabla ya hapo tulikuwa tumekaa kikao cha familia kutafuta paswadi isiyo na N, na mkifanya zoezi hilo ndipo mtajua Kiswahili kimejengwa juu ya nini. Nyumbani, imekataliwa. Nyanya, Mungu, pesa ndogo, zote zimekataliwa. Hata Rubongi. Mjukuu wangu akapendekeza "babu", ikaonekana ni fupi na kila mtu angeikisia.

WEP ilidumu siku mbili. Siku ya tatu asubuhi nikatoka kuswaki nikakuta vijana saba wamekaa juu ya ukuta wangu wa nyuma, wametulia, wameinamisha vichwa. Nilidhani ni maombi. Nilipokaribia wakanisalimia kwa heshima kubwa mno, heshima ambayo kijana hampi mzee bila sababu. Gigabaiti ishirini za mwezi mzima zilikuwa zimekwisha.

Hapo mke wangu, ambaye mpaka wakati huo alikuwa ananyamaza, alinieleza bandwidi vizuri kuliko fundi. Alisema hii ni pombe ya malwa. Chungu ni kimoja, kiko katikati, kila mmoja ana mrija wake, na mtu akiwa na mrija mnene wengine wananyonya hewa. Tofauti ni kwamba kwenye malwa unamwona anayenyonya. Ni kweli tupu, na naongeza tu kwamba chungu chenyewe hakina huruma: simu ya mtu aliyelala fofofo nayo inanyonya, inasasisha programu zake usiku wa manane bila kumwuliza mwenyewe. Maji ya moto ya kuongeza chunguni yananunuliwa kwa bei, tena na serikali inaweka mrija wake. Mwaka 2018 ulikuwa ule wa shilingi 200 kwa siku, ukitaka kufungua WhatsApp na wenzake. Julai 2021 ukaondolewa, na mahali pake pakaja ushuru wa asilimia 12 juu ya bando lenyewe. Wa kwanza nilikuwa nauona nikilipa. Wa pili unaninyonya nikiwa nacheka.

Kinachoniuma zaidi ni njia. Mwaka 2009 nyaya za SEACOM na TEAMS zilitoka baharini pale Mombasa, na intaneti ya Uganda ikaanza kuja kwa nchi kavu, kupitia Kenya, ikivuka Malaba na Busia. Nilikuwa kazini. Nimeziona zile bomba za rangi zikizikwa kando ya barabara, nikaruka mtaro wao asubuhi na jioni kwa majuma. Kwa hiyo intaneti inapita hapa kwetu, mbichi, moto, karibu na mlango, inakwenda Kampala; huko inafungwa kwenye vifurushi, kisha inarudi kwangu kwa hewa ikiwa imechoka. Reli nayo ilifanya hivyo hivyo: ikapita Tororo, ikakimbilia Kampala, ikafika 1931. Sisi tuliachiwa king'ora.

Ila kukaa mpakani kuna siku yake. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kuanzia usiku wa tarehe 13, watu wa Kampala wakarudi kusoma magazeti. Mimi nilipanda boda mpaka Malaba nikiwa na laini ya Kenya mfukoni, nikasimama upande wetu wa mto, nikasoma barua pepe zangu zote. Boda boda wenyewe jina lao limezaliwa mipaka hii, watu walipokuwa wakivushwa kwa baiskeli kutoka kituo cha forodha hadi kingine. Siku hiyo nilivusha barua pepe.

Tulikuwa kwenye kufuli. Baada ya vijana wa ukutani nilimwamuru fundi arudishe WPA2 na atafute dawa ya laptopu. Dawa ipo, ni marekebisho ya tatu ya XP ya mwaka 2008, na fundi alikuwa nayo kwenye flashi tangu siku ya kwanza. Nilimwuliza mbona hakusema. Akasema, "Mzee, hukuuliza." Nilitoza watu kwa sentensi hiyo hiyo miaka ishirini na saba, basi nikalipa.

Laptopu ikaingia. Lakini jikoni tu. Ukivuka mlango wa chumbani inapotea. Fundi akaeleza kwamba ruta hizi zina sauti mbili, ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Ya 5 ni ya kasi lakini ukuta unaishinda, tena mashine zangu za zamani haziisikii kabisa. Ya 2.4 ni ya polepole na inafika mbali. Ni ngoma na filimbi: ngoma inasikika Nagongera, filimbi inaishia uani. Ila hata ngoma yangu ilikuwa haivuki chumba.

Afande akaja na kipimo cha macho. Akatazama kuta za matofali ya kuchoma, akatazama bati, akatazama tangi la maji la bati lililoegemea dirisha la chumbani.

"Raia, wimbi haipiti bati."

Mke wangu alikuwa mlangoni na ungo. "Wimbi gani? La kwangu liko juani tangu asubuhi."

"Si hiyo ya ugali, mama. Wimbi ya redio."

"Sasa hilo la redio linaanikwa wapi?"

Afande akashusha pumzi, akaomba karai. Si la zege, la mandazi. Hapo ndipo amani ya nyumba yangu ilipoyumba, maana karai hilo limekuja na mke wangu kutoka kwao. Afande akaeleza kwa subira ambayo sikumjua nayo: urefu wa wimbi la waifai hii ni sentimita kumi na mbili na ushee, bati linalirudisha, na kitu cha bati kilichopinda kama bakuli kinalikusanya mahali pamoja katikati, ndiyo maana dishi la televisheni lina umbo lile. Tukachukua kidude cha USB cha ile kompyuta ya mezani, tukakitia waya mrefu, tukakining'iniza mbele ya karai, tukalielekeza karai kwenye ruta. Tukasogeza tangi. Mjukuu akakaa kwenye skrini ya laptopu, maana hiyo ilishaingia mtandaoni ikapakua programu za kidude, akawa anahesabu vijistari: "Kimoja... viwili... Babu, usipumue... vitatu!"

Karai sasa liko ukutani chumbani, linang'aa usiku, na mandazi tunanunua.

Ikabaki ile ya mezani. Fundi akafuta XP, akaweka Linux nyepesi kutoka kwenye flashi, ile familia aliyoianzisha Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991 na ambayo hupewa mtu bure, neno nililomtaka fundi alirudie mara mbili. Ikawaka kama mlevi aliyeokoka. Kidude cha USB ikakitambua yenyewe, bila sidii, bila nyigu. Hata kivinjari kilikuwa kipya. Nikavaa miwani, nikaandika anwani ya benki yangu. Cheti bado hakijaanza kutumika. Nikatazama kona ya chini ya skrini: 1 Januari 2002.

Hapa inabidi niwaeleze wageni jambo moja kuhusu Tororo. Mnaujua mwamba wetu, kila msafiri wa barabara ile huupiga picha. Kitu msichokijua ni ngurumo. Kati ya mwaka 1967 na 1976 zilihesabiwa hapa, na wastani ukatoka siku 251 za ngurumo kwa mwaka, hesabu ambayo imetuingiza kwenye vitabu vya rekodi za dunia. Hewa yenye unyevu inapanda kutoka Ziwa Victoria, inakutana na joto la mchana, na alasiri mbingu zinaanza kuhamisha makabati. Toa 251 kwenye 365, nabaki na siku 114 za kutumia kompyuta kwa amani. Humo nitoe siku za umeme kukatika, na siku za bando kuisha, na Jumapili.

Kwa hiyo nyumbani kwangu kuna sheria: ngurumo ya kwanza, kila kitu kinachomolewa ukutani. Nilizika redio moja na televisheni moja kabla sijaiandika sheria hiyo. Karibu kila alasiri nazunguka nyumba nikichomoa, ruta, skrini, kompyuta, hata pasi ambayo haijawashwa tangu Pasaka.

Mjukuu ndiye aliyeunganisha mambo. Ni msichana wa darasa la saba na ana tabia mbaya ya kutazama. Alasiri moja nikiwa nimeinama chini ya meza akaniuliza, "Babu, juzi mvua haikunyesha, mbona kompyuta haikusahau?"

Nikasimama nikagonga kichwa. Kweli. Siku zisizo na ngurumo siichomoi, naizima tu, na kesho yake inaamka na tarehe sahihi. Inasahau ikichomolewa. Fundi alipoambiwa akanyamaza kwa muda, kisha akafungua kiuno cha mashine akanionyesha kibetri cha duara kama sarafu, CR2032, ambacho kazi yake ni kuiweka saa hai wakati waya haumo ukutani. Kilikuwa kimekufa, pengine tangu Malaba. Umeme wa ukutani ndio uliokuwa unaibeba saa, na kila nilipoikinga na radi nilikuwa naikata kumbukumbu kwa mkono wangu. Bei ya kibetri ilikuwa shilingi 3,000. Karai, fundi, WEP, gigabaiti ishirini, vijana wa ukutani, na dawa ilikuwa ya shilingi elfu tatu, inauzwa na mtengeneza saa ninayempita kila siku ya soko.

Afande alisema jeshini ungefungwa kwa uzembe huo. Sikujua anamsema fundi au mimi.

Siku hizi ya mezani inafungua benki, pole pole, kwa heshima ya mwendo wa wazee. Laptopu nimeiachia XP yake kwa sababu ya mchezo wa karata, lakini nimeifungia mlango wa nje: Microsoft waliacha kuitibu tarehe 8 Aprili 2014, na mgonjwa asiye na daktari hatumpeleki sokoni. Inazungumza na wenzake wa humu ndani tu, inachukua mafaili, inarudi kwenye karata. Kadogo ka binti yangu kako salama, kanaandika kila kitu isipokuwa N, na mwanangu wa Kampala akipokea barua zangu anauliza kama nimepata tatizo la meno.

Paswadi mpya ilipitishwa na kikao, ndefu, haina N. Ukipita Rubongi na simu yako ikaona mtandao unaoitwa KARAI, usije kunibishia hodi kuiomba, maana mimi nimeshaisahau. Muulize Afande, na umwahi kabla ya saa nane mchana, mbingu hazijaanza kuhamisha makabati.